Siku ya Mwalo Hatukatai

Mtu aliyesimama mbele ya ukumbi alikuwa na kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye shati, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na tumbo ambalo nilipomjua zamani hakuwa nalo. Tulikuwa tumeitwa Shinyanga mjini, sisi tunaotunza kompyuta za vyama vya ushirika na ofisi ndogondogo za mkoa, tuje tufundishwe usalama wa mtandao. Mwezeshaji wetu alikuwa ametua Ibadakuli asubuhi hiyohiyo, na mshereheshaji alilirudia jambo hilo kana kwamba kushuka kwenye ndege ni shahada. Mimi nilikuwa meza ya nyuma namenya karanga. Nilimtambua kabla hajatajwa jina, maana kuna watu ambao sura zao huzeeka lakini mikogo yao haizeeki. Alilamba ncha ya kidole kabla ya kugusa kompyuta, vilevile kama zamani. Injinia Festo. Ukutani yakatokea maandishi makubwa ya somo la kwanza: Usiruhusu ukurasa wa mtandao kuendesha kompyuta yako. Nikacheka, karanga ikanipalia, na kijana aliyekaa karibu yangu akanipiga mgongoni akisema, "Pole mama."

Ningecheka zaidi kama mwezi uliopita tusingekuwa tumemzika Mama Holo. Binti yake, Holo mwenyewe, alinipigia simu nikiwa kazini Kishapu, nikaacha pamba ya watu kwenye mizani nikaja. Tulimzika katika makaburi ya manispaa, kati ya watu wawili ambao hakuwajua, yeye ambaye kwa miaka yote niliyomfahamu aliomba kitu kimoja tu kuhusu mwili wake, kwamba alazwe kando ya mumewe, shambani kwake. Haikuwezekana. Sababu ya kutowezekana imo ndani ya mwaka mmoja niliofanya kazi Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, na mwaka huo nitausimulia bila kuanzia kwa babu yangu, maana wanaoanzia kwa babu zao huwa hawafiki. Inatosha mjue kwamba naitwa Wande, kwamba nilikuwa msichana mwenye mdomo, na kwamba mdomo wenyewe haukunisaidia kitu.

Nilikuwa na cheti cha kompyuta nilichokipata Shinyanga, kozi ambayo sehemu kubwa tulijifunza kubadilisha rangi za herufi, na kwa cheti hicho nikaajiriwa na Mzee Jilala, mwenye maduara. Duara, kwa lugha ya huko, ni shimo la dhahabu pamoja na watu wake, deni lake na ugomvi wake. Bosi Jilala hakuhitaji kompyuta. Alihitaji kuonekana anayo, kwa sababu mwenye duara wa jirani alikuwa ameleta jokofu la vioo. Ikawekwa chumba cha mbele, kilichopakana na stoo ya viroba vya mawe, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, kisha ikafunikwa kitambaa kingine cha maua ambacho mimi peke yangu niliruhusiwa kukifunua. Karasha la kusagia mawe lilikuwa nje ya dirisha. Likiwaka, meza ilitetemeka, kikombe cha chai kikasogea chenyewe kuelekea ukingoni, na vumbi likaingia hadi kwenye meno. Kila nilipofagia nilikuta wanaume kwenye benchi wakiitazama kompyuta iliyozimwa. Waliingia, wakavua kofia, wakasalimia "Mwadila" kama wako kwa chifu, wakakaa. Walikuwa wanasubiri ifanye kitu. Kwa miezi ya mwanzo kitu pekee ilichofanya ni kuandika malalamiko ya Bosi kuhusu barabara, na malalamiko hayo hatukuwahi kuyatuma popote.

Bosi alikuwa na mganga, kama wenzake wote, na mganga alimpa miiko. Mmoja ulituhusu sote tuliokaa uani. Siku mawe yaliyosagwa yanapopelekwa mwalo, pale yanapooshwa ili dhahabu ibaki, hakuna mtu wa nyumba ile kukataa kitu. "Hapana" haitamkwi, "hakuna" haitamkwi, na hata "yaya" ya Kisukuma ilikuwa mwiko, maana dhahabu, tuliambiwa, inasikia lugha zote, na ikisikia watu wanakataa, nayo inakataa kutoka. Sukari ikiisha tulisema imesafiri. Mgonjwa akiulizwa kama amepona alisema yuko njiani. Bosi alitukataza kabisa kuusema mwiko huo nje ya ua, kwa sababu mtu akijua siku ambayo huwezi kumkatalia, atakuja siku hiyohiyo na familia yake. Hiyo ndiyo akili pekee niliyowahi kuiona kwa Bosi Jilala, na hata hiyo hakuitumia ilipohitajika.

Mpishi wetu alikuwa Mama Holo, mjane wa upande wa Kishapu, ambaye mvua zilipomtupa miaka miwili mfululizo alikuja machimboni kupika, akawa anarudi kwao kupanda, kupalilia na kuvuna. Nililala naye chumba kimoja. Kulikuwa na kitanda chake, kitanda changu, sanduku la bati, na mfuko wa michembe ukining'inia kwenye boriti ili panya waukose, na panya hawakuukosa. Asubuhi alichemsha michembe kwa karanga, viazi vikavu vile vinarudi kuwa laini na utamu unabaki kooni hadi saa nne. Mchana ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo watoto wa mjini wakipewa huuliza kama ni dawa. Jumapili sato kutoka ziwani. Siku za mwalo yeye ndiye alikuwa bingwa. Ningemsikia jikoni akimwambia mtu, "Chumvi leo imeenda kusalimia ndugu zake, mwanangu, kula hivyohivyo," na mtu akala akiwa ameridhika. Mumewe alikuwa marehemu kwa muda mrefu, lakini Mama Holo alimtaja kama mtu aliyepo. Baba Holo hapendi magugu, alisema akifunga mizigo ya kwenda kupalilia. Kaburi lake lilikuwa pembeni mwa shamba, karibu na zizi la zamani, limejengewa sementi kwa pesa ya pamba, na yeye alilifagia kila alipofika kabla hata ya kunywa maji.

Safari moja alirudi na jiwe ndani ya khanga. Alilipata ukingoni mwa shamba, jembe lilipogonga. Bosi alililamba, akalitwanga kwenye kinu cha chuma, akaliosha kwenye karai, na pale chini ya karai ukabaki mstari mwembamba wa njano. Makubaliano yao niliyasikia kwa masikio yangu, wamekaa kwenye viroba vya mawe stoo, mlango wazi. Pamba ivunwe kwanza. Leseni iombwe kwa majina yao wawili. Kaburi liwekewe uzio na lisiguswe. Hadi hapo, kimya. Bosi akaenda Kishapu mwenyewe kwa kisingizio cha kununua ng'ombe, akarudi bila ng'ombe, na vipimo vya shamba vimo kwenye kidude chake cha satelaiti. Nikavihamishia kwenye kompyuta, nikachora ramani yenye kona nne, na mahali pa kaburi nikaweka alama ya msalaba. Mama Holo alikuja kuangalia, mikono ina unga.

"Ndiyo yeye?" akauliza.

"Ndiyo yeye, mama."

Akaugusa msalaba kwenye kioo kwa kidole, akaacha doa la unga. Sikulifuta siku hiyo. Tuliojua tulikuwa sisi watatu, na nawaambieni siri ile tuliitunza vizuri. Bosi alikuwa mtu wa kelele kwa kila jambo isipokuwa dhahabu, Mama Holo alikuwa na kaburi la mume la kulilinda, na mimi nilikuwa nimeapishwa kwa vitisho ambavyo hadi leo sioni aibu kusema viliniogopesha.

Ndipo akaja Injinia Festo kutoka Mwanza, tai shingoni katika joto lile, miwani ya jua ndani ya chumba chenye dirisha moja. Alizunguka kwa wenye maduara akiuza kitu alichokiita huduma. Unafungua ukurasa wake wa mtandao kwenye kompyuta yako, unaupa ruhusa, na kuanzia hapo ukurasa unaweza kuiendesha kompyuta. Unafungua mafaili, unaandika, unabonyeza. "Bosi wewe uko Nyarugusu, mimi niko Mwanza," alisema akilamba kidole. "Kompyuta ikiumwa, naitibu hukohuko. Hata ukilala, mimi niko macho." Ili kuonyesha, aliweka kompyuta yake moja mezani, akatoka na ya pili hadi nje karibu na karasha, na sisi tuliobaki ndani tukauona mshale ukitembea peke yake kwenye kioo, hakuna mkono wa mtu, ukafungua hiki ukafunga kile, ukaandika KARIBU BOSI JILALA. Benchi zima likasimama. Mmoja aliyekuwa amevua kofia aliivaa ili aivue tena. Mwingine akasema ina mtu ndani, na kwa kuwa hakuna aliyebisha, jambo likabaki hivyo. Watu wale wasingekubali mgeni ashike mpini wa sururu yao, lakini mgeni kushika kompyuta waliona ni heshima.

Nikamuuliza Festo, "Ukurasa ukishapewa ruhusa, nani mwingine anaweza kuupitia akaingia kwetu?"

"Dada, haya mambo ni ya kitaalamu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Ni mimi tu. Nina neno la siri."

"Na wateja wako wengine wana neno jingine, au ni hilohilo?"

Akamgeukia Bosi, akatabasamu. "Bosi, huyu binti yako anasoma sana." Bosi akacheka, benchi likacheka kwa kuwa Bosi amecheka. Lakini swali lilikuwa limemwingia Mzee Jilala mahali fulani, kwa sababu alijikuna shingo akasema atafikiria. Ilikuwa siku ya mwalo, na kufikiria kuliruhusiwa. Uso wa Festo ukaporomoka kidogo, nikafurahi. Akakaribishwa chakula, maana mgeni ni mgeni. Mama Holo alimchinjia kuku, akamsongea ugali wa sembe badala ya mtama kwa kuwa ni mtu wa mjini, akampa maziwa mgando kwenye kikombe chake mwenyewe cha sanduku la bati. Alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Halafu akaomba sukari ya kutia kwenye maziwa.

"Sukari imesafiri, baba," Mama Holo akamwambia.

Festo akacheka, akauliza sukari husafiri vipi, na Mama Holo, aliyefurahi kupata msikilizaji mwenye tai, akamweleza mwiko wote, hatua kwa hatua, kwa fahari. Bosi alikohoa, lakini alikohoa akiwa amechelewa. Festo alisikiliza ameacha kutafuna. Akauliza, kwa adabu nyingi, mawe yanakwenda tena mwalo lini.

"Alhamisi ijayo, Mungu akipenda," Mama Holo akasema, akamwongezea paja.

Alilala pale usiku mmoja, asubuhi akala tena, akaondoka na kifurushi cha karanga alichofungiwa na Mama Holo. Kwa siku kadhaa hatukumsikia. Alhamisi, mawe yakiwa yamekwisha kushushwa mwalo na uani kote watu wakichunga ndimi, simu ya Bosi ikalia. Festo. Anwani ya ukurasa ikaja kwa ujumbe, nikaamriwa niufungue. Mtandao ulijivuta, ukafika. Katikati ya kioo kikatokea kisanduku kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria Bosi neno kwa neno, nikitumia sauti niliyokuwa naitumia kusoma Injili shuleni. Ukurasa huu unaomba kuona kila kilichomo kwenye kompyuta hii, kufungua, kuandika na kubonyeza badala yako, na usiulize tena. Kitufe cha kwanza ni kukubali, cha pili ni kukataa.

"Bosi, tubonyeze cha pili."

Akatazama dirishani, kule mwalo. "Leo ni siku gani?"

"Najua. Lakini hiki ni kitufe tu, hakina sauti."

"Wande. Dhahabu haisikii kwa sauti peke yake."

"Basi tukiache mpaka kesho."

Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, na Festo alikuwa anasikia. "Bosi, ukikiacha hivyo mfumo unahesabu kwamba umekataa," akasema polepole. Alisema hivyo, nayakumbuka maneno, na wakati ule niliyachukulia kuwa ni upuuzi wa kawaida wa watu wa kompyuta. Bosi alipauka. Mtu aliyewahi kuteremka shimoni baada ya ukuta kuporomoka, akatoa watu kwa mikono yake, alipauka kwa ajili ya kitufe. Akanisogeza kwa kiwiko, akaweka dole gumba kwenye kipanya, akabonyeza cha kwanza kwa nguvu, kama anayetia sahihi ya dole kwenye hati ya shamba. Kisanduku kikatoweka. Nje mtu akapiga kelele kwamba mawe yameonyesha rangi ya dhahabu, na kwa hiyo ikathibitika kwa wote kwamba tumefanya vizuri.

Mshale ulitembea mara ya kwanza mchana, wakati wa kula, wiki iliyofuata. Festo hakuwa amepiga simu. Nilikuwa na sahani ya dagaa mkononi, na watu wa benchi walikuwepo, wakafurahi sana kwamba hatimaye kompyuta inafanya kitu. Mshale ulifungua faili moja ukafunga, ukafungua jingine, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye ramani ya Kishapu. Ukaikuza. Ukapita kona moja baada ya nyingine, kisha ukasimama juu ya msalaba. Ulisimama pale muda mrefu hadi mtu mmoja akauliza kama umechoka. Halafu kila kitu kikafungwa, kioo kikarudi kama kilivyokuwa. Nilimpigia Festo, akaniambia, "Dada, ni kawaida, ni usafi wa mfumo." Nilimwambia Bosi. "Injinia anafagia," akasema, akaendelea kuchokoa meno. Nikachomoa kidude cha mtandao, nikakificha ndani ya mfuko wa michembe. Kesho yake Bosi akanilazimisha nikirudishe, kwa sababu alikuwa anapata ugeni, yule mwenye jokofu la vioo, na alitaka amwonyeshe mshale.

Habari tulizisikia kibandani, pale wapita njia walipokuwa wakinunua chakula cha Mama Holo. Mama Holo alikuwa anapanga sahani, mimi namsaidia kubeba, na wanaume wawili ambao hatukuwahi kuwaona walikuwa wanakula haraka, mizigo yao miguuni, sururu zimefungwa kwa mpira.

"Huko Kishapu kumelipuka," mmoja alikuwa anasema. "Rashi ya nguvu, watu wanamiminika. Ukichelewa utakuta mashimo tu."

"Sasa tutapajuaje?"

"Pointi za ramani tumeuziwa, zote nne. Halafu kuna alama. Ni shamba la pamba, lina kaburi la sementi. Mwamba unapita hapohapo."

Mama Holo akaweka sahani chini. "Kaburi la sementi?" akauliza.

"Ndiyo mama. Unapafahamu?"

Haikuwa siku ya mwalo, angeweza kusema lolote, lakini alifungua tu kitambaa cha jikoni kiunoni, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza. Tuliondoka na gari la mchana, tukalala njiani, tukafika asubuhi. Pamba ilikuwa ndiyo kwanza inafunguka. Nimefanya kazi ya pamba tangu wakati huo hadi leo na sijawahi tena kuiona nyeupe vile, kwenye mistari michache iliyobaki. Kwingine kote palikuwa na mabanda ya turubai, mashimo, redio, akina mama wa chapati, na watu waliotuambia kwa hasira tupite pembeni, hapa ni kwao. Ombi la leseni lilikuwa limekwisha kuingizwa kwa jina la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kaburi hawakulivunja, walijitetea kwa hilo. Walichimba kutokea upande, wakifuata mwamba, wakapita chini yake. Sementi ilikuwa imepasuka katikati na kuzama, na ndani ya ufa mtu alikuwa ameegesha koleo. Mama Holo alilitoa lile koleo, akaliweka mbali. Kisha akatandaza khanga, akaingia kwenye mistari iliyobaki, akaanza kuchuma pamba. Watu wanachimba, yeye anachuma. Nikachuma naye. Nililia kwa hasira na sikujificha. Alipojaza khanga alisimama karibu na ufa, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba Baba Holo hapendi kelele.

Nyarugusu uchunguzi ulifanyika, kama wanaume wanavyoweza kuuita. Benchi lilikaa, Bosi akakaa mbele, na ikaamuliwa kwamba maneno hutoka jikoni. Nani mwanamke, nani anayezungumza na kila mtu, nani alimweleza mgeni mwiko? Mama Holo alikuwa amesimama mlangoni, ndala zake bado zina udongo wa shambani kwake, akishtakiwa kuuza shamba lake mwenyewe. Nikasimama nikasema siri imetoka kwenye ukurasa, niliuona mshale kwa macho yangu, na wao waliokaa pale waliuona, na mmoja wao aliuliza kama umechoka.

"Wande," Bosi akasema, taratibu, kama anamwonea mtoto huruma. "Ukurasa una mdomo?"

Benchi likacheka. Yule aliyeuliza kama mshale umechoka ndiye aliyecheka zaidi. Hawakuwa wajinga wa kutojua kusoma, naomba nieleweke, wajinga wa namna hiyo nimewaheshimu wengi. Hawa walikuwa wameona kwa macho yao mkono wa mtu wa mbali ukipekua mezani kwao, na bado ilikuwa rahisi kwao kuamini kwamba aliyesema ni mwanamke mwenye sufuria. Festo alipigiwa simu atoe ushauri wa kitaalamu kuhusu mahali siri ilikovujia, na kutoka Mwanza akaunga mkono kwamba ni jikoni. Bosi hakumfukuza Mama Holo siku hiyo, kwa sababu mawe yalikuwa mwalo na kufukuza ni kukataa. Alisubiri yamalize kuoshwa, mtu mwenye kushika miiko yake, ndipo akamfukuza. Nilifunika kompyuta kwa kitambaa chake cha maua nikaondoka naye. Mama Holo alipika mjini Shinyanga, kwenye shule, hadi miguu ilipomkatalia, na kila nilipomtembelea aliniuliza kama kule shambani wameshamaliza. Walimaliza zamani. Palibaki shimo refu, na masika likajaa maji, na ng'ombe wa watu hunywa pale.

Kwa miaka yote hiyo nilimweka Festo katika rafu ya wapumbavu. Niliamini aliuza ukurasa wenye matundu, neno moja la siri kwa wateja wote, na mwizi mwingine akapitia humo. Nikifundisha vijana wa ushirika nimekuwa nikimtolea mfano bila kumtaja. Ukiupa ukurasa kompyuta yako, nawaambia, unampa kila anayeweza kuufikia ukurasa huo, na hasa unampa yule mpumbavu aliyeutengeneza. Nilimdharau kwa raha, kwa namna mtu anavyomdharau jogoo.

Sasa alikuwa mbele yetu, saa ya chai imepita, anatuchangamsha kwa visa. Akasema atatupa mfano wa kweli wa ukanda wetu huuhuu, na ukumbi ukakaa vizuri. Palikuwa na wachimbaji fulani, alisema, watu wa imani zao, ambao siku ya kuosha mawe hawawezi kusema hapana. "Basi mdukuzi alikuwa na akili," Festo akasema, akitembea huku na huku. "Hakuvunja mlango. Alisubiri siku ya mwalo, akatuma ombi la ruhusa siku hiyohiyo. Wangekataaje? Wakasaini wenyewe." Ukumbi ukaangua kicheko. Alicheka nao, akalamba kidole, akageuza picha ukutani. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mfuko wa karanga. Nje ya ua, mwiko ule aliambiwa mtu mmoja tu, akila kuku. Ukikiacha hivyo mfumo unahesabu kwamba umekataa, alisema mwenyewe kwenye simu siku ile. Hakuwa mpumbavu hata kidogo. Wapumbavu nimewakosea heshima kwa kumchanganya nao.

Mwisho wa somo ulifika wakati wa vyeti. Ili kupata cheti, akatangaza, kila mtu afungue ukurasa ule ulioandikwa ubaoni, na kikitokea kisanduku cha kuomba ruhusa akubali, ni utaratibu wa kujisajili tu. Somo la kwanza lilikuwa bado limebandikwa ukutani nyuma yake. Nilitazama meza zote, watu wazima, wahasibu, makatibu, kijana aliyenipiga mgongoni, vidole vinashuka kimoja baada ya kingine. Festo alipita akikagua, hadi akafika kwangu.

"Mama, bado wewe. Bonyeza Kubali."

"Hapana."

Akatabasamu, lile tabasamu lake la kumgeukia Bosi, ila safari hii hapakuwa na Bosi. "Mama, ni cheti tu."

"Hapana, Injinia. Leo si siku ya mwalo."

Tabasamu lilibaki mahali pake lakini macho yaliondoka. Alinitazama, akatazama karanga, akanitazama tena, na niliona akinitafuta huko nyuma, kwenye chumba chenye vumbi, kwenye kitambaa cha maua. Alinipata. Alishika kiti cha mbele yangu kwa mkono mmoja.

"Mama Holo tumemzika mwezi uliopita," nikamwambia. "Hakuzikwa kwa mumewe. Pale pana maji."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, kwa kilio, hata kwa msamaha ambao nisingeupokea. Festo alikunja uso, akifikiri kweli, akijitahidi, na nikaona kwamba hafichi kitu.

"Samahani," akasema kwa sauti ya chini. "Mama Holo ni nani?"